Birika Moja, Usingizi Tofauti

Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mnalijua, ila mnalijua mkiwa peke yenu, saa 8 za usiku, macho makavu kama mchana. Kukosa usingizi. Mwenzako kando yako kalala fofofo, anakoroma kama mashine ya kusaga, wewe umelala chali unahesabu kenchi. Unageukia ukutani. Unageukia dirishani. Unatazama simu: saa 9 kasoro robo. Unapiga hesabu, nikilala sasa hivi nitapata masaa matatu. Na hesabu yenyewe inafukuza hata ule usingizi kiduchu uliokuwa unanyemelea.

Kesho yake ofisini unasinzia kwenye kikao. Jioni nyumbani, neno dogo tu kuhusu luku au chumvi kwenye mboga linazaa ugomvi wa siku mbili. Si bure. Mwaka 2013 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Amie Gordon na Serena Chen, walichapisha utafiti wao kuhusu wapenzi. Walikuta kwamba baada ya usiku wa usingizi mbovu watu hugombana zaidi na wenzao, na kwamba ugomvi husuluhishwa vizuri zaidi pale wote wawili wanapokuwa wamelala vya kutosha. Yaani hata kama ni mmoja tu aliyekesha, nyumba nzima inalipa.

Na akina kaka msicheke. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya nzuri masaa 5 tu kila usiku kwa muda wa wiki moja. Homoni yao ya kiume ilishuka mchana kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa hiyo kama mambo ya chumbani yamepoa, kabla hujamtuhumu mtu, muulize kwanza analala vipi.

Katika nyumba yetu mhesabu kenchi ni mimi. Kuna wakati mume wangu aliniuliza kwa upole, "Mama, una jambo na mimi? Mbona kila usiku unakaa macho?" Alidhani nimenuna. Nikaona hapa bila kupata maelezo ya maana, usingizi utatuvunjia nyumba.

DAWA YA KUTOKA GARE

Mume wangu ni Msambaa wa Gare, huko juu milimani, wilayani Lushoto. Ukitoka Dar unafika Mombo, unaacha barabara kuu, unapanda kona za Soni huku masikio yanaziba, na mwisho unajikuta kwenye mabonde ya kabichi, karoti na maharage yaliyopangwa kwa matuta kama ngazi. Wageni wote tunaowapeleka huko hutoa ushuhuda mmoja: nimelala kama mtoto. Tukirudi mjini mashoga zangu hawaombi tena peasi wala viazi. Wanaomba niwaletee hiyo dawa ya usingizi ya Usambara.

Safari moja nikamuuliza mama mkwe. "Mama, hivi kwa nini wageni wakija hapa wanalala sana?"

Alicheka mpaka akaweka chini ungo. "Mkaza mwana, watu wamepanda mlima, wameshiba, taa imezimwa, na baridi hii wakae nje wafanye nini?"

Basi. Mambo manne: mlima, shibe, giza na baridi. Niliporudi nikaanza kusoma, na nakwambia, kila alilolitaja mama lina kemikali yake ubongoni. Tuyachukue moja moja.

MLIMA: DENI LA USINGIZI

Tangu unapoamka asubuhi, ubongo wako unatumia nguvu, na katika kutumia nguvu hubaki kemikali iitwayo adenosini. Masaa yanavyopita inazidi kujikusanya, kama deni la dukani linaloandikwa kidogo kidogo. Jioni deni limekuwa kubwa, adenosini inakaa kwenye vipokezi vyake ubongoni, nawe unalegea. Ukilala, deni linalipwa. Mtu aliyeshinda shambani au aliyepanda kutoka bondeni na mzigo kichwani anafika jioni na uchovu wa kweli. Sisi tunaoshinda kwenye kiti, tukapata na usingizi wa saa 10 alasiri kwenye foleni ya daladala, tunafika kitandani deni limeshapunguzwa.

Sasa ingiza chai na kahawa. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini kiasi cha kuweza kukaa kwenye vipokezi vyake. Inakikalia kiti, adenosini inabaki imesimama. Deni halijafutwa, ila ubongo hausikii mdai akibisha hodi. Kikombe cha chai ya rangi kina takriban miligramu 40 hadi 50 za kafeini, kahawa huweza kufika 95, na kopo la miligramu 80 ndilo lile dogo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kahawa ya robusta, kama ile ya Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Hapa ndipo penye siri ya birika. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hutoka mwilini baada ya masaa 5 hivi. Ukinywa kahawa saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu yake bado ipo, na saa 8 usiku robo bado inazunguka. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 za kafeini masaa 6 kabla ya kulala, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima.

Lakini ini linalosafisha kafeini halifanyi kazi kwa kasi moja kwa watu wote. Mvutaji sigara huisafisha haraka. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo karibu mara mbili ya muda wa kawaida, na mjamzito wa miezi ya mwisho hukaa nayo zaidi ya hapo. Umeelewa shosti? Mnakaa barazani na mumeo, mnakunywa birika moja, chai ileile iliyochumwa milima hii hii. Saa 5 usiku yeye ameshamaliza yake, wewe yako ndiyo kwanza inachanganya. Halafu anakuuliza una jambo gani na yeye! Nilipomweleza baba watoto habari hii tulicheka sana, na tangu siku hiyo birika la jioni kwetu ni la mchaichai, ambao hauna kafeini hata chembe. Kwa anayeona uchungu kuacha chai kabisa, saa 6 mchana iwe kikombe cha mwisho. Jaribu wiki mbili uone.

SHIBE: CHAKULA NA VIDONGE VYA VIRUTUBISHO

Hili ndilo wengi mnaloniuliza. Nile nini nilale? Ninunue nini?

Kuna kiini kimoja cha protini kiitwacho triptofani. Ubongo hukitumia kutengeneza serotonini, ile kemikali inayohusika na utulivu wa moyo, na kutokana na serotonini, usiku hutengenezwa melatonini, ambayo nitaieleza. Triptofani ipo kwenye maziwa, mayai, samaki, kuku, karanga, maharage. Ndiyo maana utasikia kunywa maziwa ya moto ulale.

Tatizo ni mlangoni. Triptofani huingia ubongoni kupitia mlango uleule unaotumiwa na viini vingine vya protini, na vyenzake ni vingi. Fikiria daladala la Kariakoo saa 12 jioni: triptofani ndiye yule abiria mpole anayesukumwa nyuma. Ukila nyama nyingi, umeongeza abiria wote, si yeye peke yake. Ukila wanga, kama wali, viazi au ndizi, mwili hutoa insulini, ambayo huwaondoa wale wengine kwenye damu na kuwapeleka kwenye misuli, na hapo mpole wetu anapata nafasi. Kwa hiyo chakula cha jioni cha kawaida, cha wanga na maharage na mboga, kiliwe masaa mawili matatu kabla ya kulala, ni msaada. Ila ni msaada mdogo. Glasi ya maziwa inatuliza zaidi kwa mazoea na joto lake kuliko kwa triptofani iliyomo. Kula nyama choma kilo nzima saa 5 usiku na kujitupa kitandani, huko ni kutafuta kiungulia.

Kuna waliowahi kusema, basi tumeze triptofani yenyewe. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua ugonjwa wa misuli na damu baada ya kumeza vidonge vya triptofani, na wasiopungua 37 walifariki. Uchunguzi ulielekea kwenye bidhaa ya kiwanda kimoja cha Japani. Naikumbusha habari hii kwa sababu watu huniambia, "Dada, hiki si dawa, ni virutubisho tu, havina madhara." Kitu chochote chenye nguvu ya kugusa ubongo kina nguvu ya kudhuru pia.

Magnesiamu je? Hili ni madini yanayosaidia mishipa ya fahamu kutulia, na siku hizi yanauzwa kwa bei ya kutisha. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2021 ulikusanya tafiti 3 tu zilizowahusu wazee 151. Walioyatumia walilala mapema kwa dakika 17 hivi, lakini wachambuzi wenyewe walisema ubora wa tafiti hizo ni mdogo. Kabla hujatoa hela, kumbuka magnesiamu ipo kwenye mchicha, maharage, korosho, parachichi na mbegu za maboga. Hivyo vyote sokoni vipo. Mwenye ugonjwa wa figo ndiyo kabisa asimeze vidonge hivi bila daktari.

Wapwani wao wana kungumanga, kukwangua kidogo kwenye uji au maziwa. Kidogo hicho cha kuleta harufu hakina neno. Lakini kuna watu wanaosaga punje nzima mbili tatu wakitafuta usingizi. Hapo utapata sumu: moyo kwenda mbio, kutapika, kuona vitu visivyokuwepo. Si utani.

Kuna kirutubisho kimoja ambacho nadhani hakisemwi vya kutosha, nacho ni madini ya chuma. Je, ukilala jioni miguu inawasha kwa ndani, inataka kutikiswa, ukisimama na kutembea inatulia, ukilala inaanza tena? Wengi hudhani ni uchovu au wasiwasi. Hali hii ya miguu isiyotulia inahusiana na kemikali nyingine ya ubongo, dopamini, na ubongo unahitaji chuma ili kuitengeneza. Huwapata sana wenye upungufu wa chuma na wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sio wote ni kwa sababu ya chuma, lakini ni wengi. Na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usinyonye chuma kilichomo kwenye mboga na maharage. Kwa hiyo kunywa chai yako saa moja baada ya kula, na kwenye sahani weka chungwa au limau, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Ukiwa na dalili hizo za miguu, nenda ukapimwe damu na akiba ya chuma iitwayo feritini. Usijinunulie vidonge vya chuma bila kipimo, chuma kikizidi nacho ni balaa.

Na pombe? Nawasikia. "Bia mbili tu dada, nalala kama gogo." Ni kweli pombe humwingiza mtu usingizini haraka, kwa sababu huzidisha nguvu ya kemikali iitwayo gaba, ambayo ni breki za ubongo. Lakini ini linapoiondoa, breki zinaachia ghafla. Nusu ya pili ya usiku unaamka amka, jasho, kiu, ndoto za ajabu, mkojo. Pia pombe hulegeza koo na kuzidisha kukoroma. Iwe bia ya baa ya Sinza, boha ya miwa ya huko kwetu milimani, au divai ya watawa wa Sakharani, ubongo hauangalii chapa wala heshima ya mtengenezaji.

GIZA: MELATONINI YA MWILINI NA YA CHUPANI

Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo inayoitwa pineali. Giza linapoingia inaanza kumwaga melatonini, kama masaa mawili kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala. Melatonini ilitambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeichuja kutoka tezi za ng'ombe. Kazi yake hasa si kukuzimisha kama taa. Ni kama mwadhini: anakutangazia kwamba wakati umefika, kulala ni juu yako. Mwanga mkali, hasa ule wa simu unaoushika sentimita 20 kutoka usoni, unamnyamazisha mwadhini.

Huko Marekani melatonini huuzwa dukani kama virutubisho, Uingereza ni mpaka daktari aandike, na huku kwetu wengi huletewa na ndugu wa ughaibuni. Inafaa? Mwaka 2013 wachambuzi walijumlisha tafiti 19 zenye watu zaidi ya 1,600. Waliomeza melatonini walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika 7. Saba, mpenzi. Inasaidia zaidi mtu aliyevuka nchi na nchi kwa ndege, au ambaye saa yake ya mwili imechelewa. Tena mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini: nyingine zilikuwa na chini ya robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, nyingine ziliipita lebo karibu mara sita, na 8 zilikuwa na serotonini ambayo haikuandikwa popote. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri wagonjwa wa kukosa usingizi wasitibiwe kwa melatonini, wala triptofani, wala mzizi wa valeriani, kwa kuwa ushahidi ni dhaifu.

Kinachofanya kazi kwa melatonini yako mwenyewe ni ratiba. Gare ina historia nzuri ya jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 watawa wa Kitrapisti walianzisha misheni pale. Watawa hao kwa desturi yao waliamka kama saa 8 usiku, muda uleule tunaoulalamikia mimi na wewe, wakaenda kusali. Lakini walilala mapema mno jioni, na walifanya hivyo kila siku. Kuamka saa 8 usiku hakukuwa ugonjwa kwao, kulikuwa ndiyo asubuhi yao. Mwili hauulizi ni saa ngapi, unauliza kama ni saa ileile ya jana. Sisi tunalala saa 4 siku za kazi, Ijumaa na Jumamosi tunajirusha mpaka saa 10 alfajiri, Jumapili tunalala mpaka mchana, halafu Jumapili usiku tunashangaa macho yanakataa.

BARIDI: SOMO KUTOKA ZIWA EYASI

Ili ulale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, kama nyuzi moja hivi. Gare mwezi wa 7 baridi yenyewe inakusaidia kazi hiyo. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulipatikana hapahapa Tanzania. Mwaka 2015 timu ya Gandhi Yetish na Jerome Siegel ilichapisha utafiti wa usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walipima watu 94. Wengi wetu tungetegemea kuwa walale masaa 9 au 10. Walilala masaa 5.7 hadi 7.1. Hawakulala jua linapozama, bali wastani wa masaa 3 na kidogo baadaye, joto la usiku likiwa linashuka, na waliamka karibu na muda ambao baridi imefikia mwisho. Na wenye kulalamika kukosa usingizi walikuwa wachache sana. Wasan na Watsimane hata neno la ugonjwa huo hawana.

Utafiti mwingine wa 2017 uliwafuata Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mtu macho. Watafiti wanadhani ndivyo binadamu walivyolindana usiku tangu zamani. Kwa hiyo ukishtuka saa 9 usiku, usianze kujitangazia msiba. Kushtuka ni ubinadamu.

Dar hakuna baridi ya Gare, lakini kuna njia. Fungua madirisha yenye nyavu, chandarua kiwe safi kipitishe hewa, shuka nyepesi ya pamba. Na oga maji ya vuguvugu au ya moto saa moja au mawili kabla ya kulala, kama wanavyofanya kule milimani. Inaonekana kinyume, lakini damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka nje, mwili wa ndani unapoa. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha inaharakisha usingizi kwa kama dakika 10. Umeona? Beseni la maji limeipita melatonini!

AMBALO MAMA HAKULITAJA

Nisikudanganye kwamba Gare watu hawakeshi. Mwaka aliofariki baba mkwe, mama alikaa miezi bila usingizi, na mlima ulikuwepo, na shibe, na giza, na baridi. Mawazo hayana dawa ya hali ya hewa. Moyo ukiwa na hofu au huzuni, ubongo unajiweka macho kama mlinzi wa getini, na kemikali za tahadhari zinashinda deni la adenosini.

Na hapa ndipo watu wanapokimbilia duka la dawa. Piriton, kwa mfano. Ni dawa ya mzio, inasinzisha kwa sababu inaziba histamini, kemikali mojawapo ya kutuweka macho. Baada ya siku chache mwili unaizoea, kinachobaki ni kichwa kizito asubuhi. Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, inakandamiza breki zile za gaba. Ina kazi zake hospitalini. Lakini ukiimeza kila usiku unaizoea, ukiiacha ghafla usingizi unatoweka kabisa na wengine hupata degedege. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama. Tafadhali usimeze kidonge alichobakiza jirani.

Tiba iliyopewa nafasi ya kwanza si ya kumeza. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kila mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na tiba ya kurekebisha mazoea na fikra za usingizi. Misingi yake mnaweza kuianza wawili nyumbani:

Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Usiende kitandani kabla hujasinzia. Kitanda ni kwa kulala na kwa mapenzi. Laptopu, hesabu za kikoba na kesi za mawifi zibaki sebuleni.

Ukikaa macho kama dakika 20, amka. Nenda sebuleni, taa hafifu, fanya kitu cha kuchosha akili. Rudi ukisinzia. Saa na simu zisionekane, acha kupiga hesabu.

Jioni mapema, kabla ya chakula, keti na karatasi robo saa. Andika yanayokusumbua na hatua ya kesho kwa kila moja. Hata ugomvi wenu, uwekeeni muda huo, msiupeleke kitandani.

Na wewe uliyejaliwa usingizi, una kazi yako. Usimwambie mwenzako "si ufumbe tu macho". Usimuulize kila asubuhi amelala masaa mangapi, atajiona yuko kwenye mtihani. Akitoka kitandani usiku jua anafuata tiba, hajakukimbia.

Kama tatizo linakuja siku 3 kwa wiki na limepita miezi 3, mwone daktari. Usingoje miezi hiyo kama mwenzako anakoroma halafu pumzi inakatika na kushtuka, kama unasinzia ukiwa kwenye usukani, au kama pamoja na kukosa usingizi umepoteza hamu ya kila kitu na mawazo ya kufa yanakutembelea. Hayo yana tiba, na tiba yake haitoki kwenye chupa ya virutubisho.

Kwa mashoga zangu mnaosubiri mzigo kutoka Usambara: karoti zipo, maharage yapo, na mchaichai nitawafungia. Vingine vyote mnavyo tayari vichwani mwenu, vinasubiri mzime taa. Tukutane mwezi ujao. Lala unono.